Sikio la Shingoni

Hosteli ya Wasichana,
Nachingwea.
7 Julai 2024

Kwa Fundi Seleman Chitanda,

Shikamoo Mzee.

Hunifahamu. Naitwa Teodosia Amedeus, nipo kidato cha pili. Barua hii nimeipitisha kwa Mama Zena muuza dagaa, kwa sababu anasema akienda gulio la Nkowe hupita mbele ya kibanda chako. Hapa hosteli hatuna ruhusa ya simu.

Jina lako nimelipata nyuma ya picha. Kuna watu watano wamevaa mashati yanayofanana, na wa pili kutoka kushoto ni baba yangu, ameshika gitaa jekundu. Nyuma ameandika: “Bendi, Ruangwa. Kulia kabisa Seleman Chitanda, fundi wetu, wa Nkowe.” Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Gitaa lipo kwangu.

Sista Gaudensia ametufundisha kwamba barua nzuri husema shida yake katika aya ya pili. Hii ni ya tatu, naomba radhi. Chini ya nyuzi kuna pikapu mbili, vile visanduku vyembamba vinavyonasa mlio na kuupeleka kwenye amplifaya. Kimoja kipo karibu na daraja, kingine karibu na shingo. Swichi ikiwa upande wa daraja, gitaa linalia, ila kwa ukali, kama bati. Ikiwa upande wa shingo, kimya. Ikiwa katikati, ni lile bati tu. Baba alipiga swichi ikiwa katikati siku zote. Nakumbuka mlio ule. Ulikuwa mnene, kama mtu anayeongea huku anatabasamu.

Mama yangu ni mtu wa Bukoba. Mjomba amemwita arudi nyumbani, na shule ikifungwa tutahama. Amesema safari ni ndefu, kitu kisichosema hakibebwi. Gitaa litabaki kijijini kwetu Ruponda kwa Shangazi Koleta, ambaye kuku wake hulala popote wanapotaka. Sijamwambia Mama kwamba nimekuandikia. Nataka lilie kwanza.

Jumapili wenzangu wakitembelewa, mimi huingia chumba cha vyombo vya kwaya, nikalipiga gitaa bila umeme, shavu nimeliegemeza kwenye mbao. Kwa njia hiyo husikika kidogo. Naomba unielekeze.

Mimi mtiifu,
Teodosia Amedeus


Nkowe, Ruangwa
15 Julai 2024

Mwanangu Teodosia,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka dagaa, lakini imesomeka. Una mwandiko mzuri kuliko karani wetu wa kijiji.

Amedeus nilimfahamu. Hayo tuyaache.

Pikapu sisi kwenye bendi tuliziita masikio. Sikio la daraja, sikio la shingoni. Mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa, kwa hiyo fanya hivi. Washa amplifaya, chukua bisibisi, gonga taratibu juu ya kila sikio. Lililo zima litasema “ko” kwenye spika. Kisha muombe mwalimu wako mita ya kupimia umeme. Chomeka waya wa gitaa, fungua sauti mpaka mwisho, na kule upande wa pili gusisha ncha ya jeki, kile kichwa cha chuma cha waya, kwa waya mmoja wa mita na shingo ya jeki kwa mwingine. Swichi ielekeze daraja, andika namba. Ielekeze shingo, andika namba. Sikio zima husoma omu elfu sita, saba, nane hivi.

Bamba la plastiki lililo chini ya nyuzi usilifungue. Skrubu zake ni za zamani, zitalika.

Mama yako hajambo? Aliwahi kukutajia jina langu?

Fundi Seleman


Hosteli ya Wasichana,
Nachingwea.
28 Julai 2024

Mpendwa Fundi Seleman,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema. Sista Gaudensia, ambaye anatufundisha fizikia na kwaya, aliniazima mita ya maabara kwa sharti niirudishe kabla ya kengele ya chakula.

Kugonga: daraja lilisema “ko”, shingo halikusema kitu. Mita: daraja omu elfu saba na mia mbili. Shingo, mshale haukusogea hata kidogo. Nilirudia mara tatu. Mara ya nne nilirudia kwa kutumaini tu, ambayo najua si sayansi.

Kwa hiyo waya umekatika mahali, ndani ya koili, ule waya uliozungushwa ndani ya sikio, au njiani. Nitajuaje ni wapi nisipofungua bamba?

Mama hajawahi kulitaja jina lako. Nilipomwonyesha ile picha aliitazama, akaigeuza uso chini mezani, akaendelea kuchambua mchele. Nilidhani anamkumbuka Baba.

Ulisema hayo tuyaache, nami nimeyaacha. Lakini kama kuna moja dogo kuhusu Baba unaloweza kuniandikia, nitashukuru. Nyumbani hatumzungumzii.

Mimi mtiifu,
Teodosia


Nkowe
5 Agosti 2024

Mwanangu,

Moja dogo. Baba yako alikuwa hawezi kupiga gitaa akiwa na viatu. Harusi zote za Ruangwa hii alipiga pekupeku, viatu amevisukuma nyuma ya spika. Mara mbili nilivificha. Mara ya pili alirudi Ruponda bila viatu, tena kwa baiskeli yangu, na baiskeli hakuirudisha mpaka wiki mbili zimepita.

Sasa kazi. Umepima vizuri. Sikio la shingoni limekufa, koili imekatika ndani, na huku kwetu halitengenezeki. Liache. Weka swichi upande wa daraja, punguza kile kitufe cha ukali wa sauti mpaka nusu, mlio utalainika. Mtu husikia hata kwa sikio moja.

Bamba usilifungue.

Fundi Seleman


Hosteli ya Wasichana,
Nachingwea.
18 Agosti 2024

Kwa Fundi Seleman,

Shikamoo. Nisamehe, sikukutii. Nilipunguza ukali mpaka nusu kama ulivyosema, na mlio haukulainika, ulififia tu. Nikawaza kwamba daktari aliyesema mgonjwa amekufa bila kumwona huenda amekosea. Skrubu hazikulika. Zilitoka kirahisi, kama zilizozoea.

Sikio la shingoni halipo. Kuna kifuniko chake tu, kimekazwa kwa skrubu mbili, na chini yake ni shimo tupu. Nilitia kidole kuhakikisha. Waya zake mbili zimekatwa sawasawa kwa koleo, na ncha zimekunjwa kila moja upande wake ili zisigusane. Nilimwonyesha Sista. Alisema, “Mwizi hakunji ncha za waya, Teo. Huyu alikuwa fundi.”

Ndani ya mbao kuna maandishi ya penseli, mstari chini ya mstari:

S. Ch. 3.5.2009
S. Ch. 22.11.2014
S. Ch. 14.9.2021

Baba tulimzika tarehe 14 Septemba 2021. Mimi nilikuwa chumbani na Bibi, nimefunikwa kanga, nikisikia watu uani bila kuwaona.

Fundi, siku hiyo ulikuwa kwetu?

Teodosia


Hosteli ya Wasichana,
Nachingwea.
1 Septemba 2024

Fundi Seleman,

Shikamoo. Mama Zena anasema barua yangu alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukafunga kibanda saa nne asubuhi.

Sijakasirika. Nimejipima na sioni hasira. Ninachoona ni kwamba wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kuniandikia kuhusu miguu ya Baba.

Naomba jibu, hata la mstari mmoja.

Teodosia


Nkowe
8 Septemba 2024

Teodosia,

Nilikuwepo.

Sijawahi kufunga chombo cha mtu bila kuandika herufi zangu na tarehe. Hata siku ile mkono uliandika wenyewe.

Ukoo wa baba yako na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Unajua kazi ya mtani msibani? Wenye msiba wanalia, sisi tunachekesha. Tunamwiga marehemu alivyotembea, alivyokula. Tunakamata kitu chake na kusema harudishiwi mtu mpaka mtukomboe. Wanatupa kuku, au mihogo, au hata tusi moja zuri, nasi tunarudisha. Watu wanacheka machozi yakiwatoka, na msiba unapumua. Asipokuja mtani, ndugu wanauliza huyu marehemu alikuwa na ubaya gani.

Kwa hiyo nilivaa shati la bendi, nikavua viatu, nikakaa karibu na jeneza na gitaa lake mapajani. Nikalifungua mbele ya watu, nikang'oa sikio la shingoni, nikalinyanyua. Nikasema, “Amedeus! Maisha yako yote nilikuwa nakwambia unaharakisha mapigo na hukunisikia. Sikio hili hulihitaji, naondoka nalo! Mnaolitaka, likomboeni!” Kisha nikarudisha bamba na kifuniko, gitaa lisikae uchi mbele ya wageni. Baba zako wadogo walikuwa wameshaanza kucheka.

Mama yako akatoka ndani. Hakuwa anajua. Kwao Bukoba wana mila zao, na hapa kila mtu alidhani mwenzake ameshamwambia. Aliona mwanaume amevaa shati kama la mumewe anacheka juu ya jeneza. Hakupiga kelele. Alisema, “Toka kwangu.” Nikatoka. Nilipofika njia panda ndipo nikaona sikio bado ninalo mkononi.

Mtani akirudisha kitu ambacho hakijakombolewa, amesema utani umekwisha. Akikaa nacho, ni mwizi. Miaka mitatu limekaa kwenye kopo la kahawa juu ya rafu, na mimi sijui nimekuwa nani. Barua yako ilipofika niliogopa. Nikakudanganya kwa kukupimisha kitu ambacho nilijua hakipo. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa, mtoto anapima mara tatu.

Kuna jingine. Amedeus ndiye aliyekuwa aje kunicheka mimi siku yangu. Mke wangu Hadija ametangulia, watoto wapo mbali. Hapa nakaa na redio ambazo wenyewe hawarudi kuzichukua. Watanilia, sawa. Lakini wa kunicheka sina.

Seleman


Hosteli ya Wasichana,
Nachingwea.
29 Septemba 2024

Mpendwa Fundi Seleman,

Shikamoo.

Likizo fupi nilikwenda Ruponda. Mama alikuwa uani anapeta ufuta. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini nilipofika nilimpa barua yako tu, aisome mwenyewe. Aliisoma, akairudia. Kisha akasema, “Alivaa shati la baba yako.”

Nikamwambia lilikuwa lake, walishona matano yanayofanana.

Shangazi Koleta alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko. “Wifi, si yule mtani? Yule Chitanda?”

“Mtani?” Mama akasema. “Koleta, miaka mitatu tunakula sahani moja, leo ndiyo unaniambia?”

“Nilidhani unajua! Nikadhani umemkataa kwa sababu zako. Watu wa Bukoba mna maringo, nani angekuuliza?”

Mama aliendelea kupeta ufuta uleule ambao ulikuwa umeshakuwa safi. Jioni aliuliza jambo moja, kama ni kweli Baba aliharakisha mapigo. Nikasema sijui. Akasema, “Aliharakisha.”

Hakusema atakomboa. Sikumuuliza tena. Imebaki miezi miwili tuhame.

Umesema hata tusi moja zuri linakomboa. Nimejaribu kuandika moja: Fundi Seleman, wewe ni mzee, na kibanda chako kina vumbi, Mama Zena ameniambia. Nisamehe sana.

Wako,
Teodosia


Nkowe
20 Oktoba 2024

Mwanangu Teodosia,

Hilo si tusi, hiyo ni ripoti ya bwana afya. Na nani ameona mtani anaomba msamaha? Baba yako angelisikia angekurudisha darasa la kwanza.

Ningeweza kukutumia sikio bure na Mama Zena. Nimelifunga kwenye karatasi mara mbili, na mara mbili nimelifungua. Likija bure litakuwa kitu kilichorudishwa na mwizi. Nivumilie.

Ila sikukaa bure. Nililitoa kwenye kopo nikalipima, na yale niliyokudanganya yamekuwa kweli, mshale haukusogea. Unyevu umekula waya. Nikaona aibu, mtu akomboe kitu kibovu. Nimevunja transfoma ya redio moja, nikapata waya mwembamba kuliko unywele wako. Nikapindua baiskeli, nikafunga koili katikati ya spoku za gurudumu la nyuma, nikazungusha kanyagio kwa mkono, nikihesabu. Nilifika mizunguko elfu nne na mia sita, jirani yangu Ramadhan akaja. “Fundi, safari ya wapi hiyo, mbona hufiki?” Nikamjibu, hesabu ikapotea. Siku ya pili nilianza upya, nikahamia na koili upande wa pili wa baiskeli penye kivuli, Ramadhan asinione. Nikamaliza. Linasoma omu elfu saba.

Ni baiskeli ileile aliyoondoka nayo baba yako.

Fanya mtihani wako vizuri. Gitaa lisikufelishe.

Seleman


Ruponda
3 Novemba 2024

Kwa Bwana Chitanda,

Mimi ni mama yake Teodosia. Siandiki sana.

Mama Zena anakuletea kopo. Ndani ni senene, wadudu wa kwetu, wamekaangwa na kukaushwa. Kaka alinitumia, ni wa mwisho niliokuwa nao. Nimeambiwa kwa mtani hata kitu kidogo kinatosha. Kula wadudu, na ukichomwa na mguu kooni usinilaumu, umejitakia.

Shati la marehemu ninalo bado. Siku ile niliona linalofanana nalo mwilini mwako na kwa dakika moja nilidhani ni yeye. Ndiyo maana nilikufukuza.

Sikio la mume wangu lirudi.

Mama Teodosia


Nkowe
10 Novemba 2024

Teodosia,

Limekombolewa.

Lipo ndani ya kitambaa, na bisibisi yangu ndogo nimeiweka pamoja. Waya mweupe ni wa mlio, unakwenda kwenye swichi. Mweusi ni wa ethi, yaani wa ardhi, unakwenda mgongoni mwa kitufe cha sauti, pale penye waya nyingi. Kwangua ncha kwanza, pasha moto chuma cha kulehemu, kisha ndipo uyeyushe risasi. Usipulize. Iache ipoe yenyewe.

Mwambie mama yako wadudu wake nimewala wote kibandani, mlango wazi, Ramadhan akinitazama. Mwambie pia kwamba ni watamu, lakini kwa sauti ndogo.

Kwa upande wangu kazi imekwisha. Bukoba ni mbali, barua zitakuwa ngumu. Nenda salama, mwanangu.

Seleman


Hosteli ya Wasichana,
Nachingwea.
1 Desemba 2024

Mtani Seleman,

Leo hupati shikamoo.

Mtihani ulipokwisha, Sista Gaudensia alinipa meza ya maabara na chuma cha kulehemu. Nilikwangua, nikapasha, nikayeyusha, sikupuliza. Swichi upande wa shingo, likalia, laini na la chini. Upande wa daraja, likalia. Nikarudisha swichi katikati, mahali pa Baba, na mlio ukawa mwembamba kama redio iliyo ndani ya mtungi. Masikio mawili mazima, na yakiwa pamoja yalikuwa dhaifu kuliko kila moja peke yake. Niliweka gitaa chini nikalia. Nililia kwa muda unaotosha kuimba nyimbo mbili za kwaya.

Kisha nikapima tena. Yote mawili yalisoma vizuri. Kwa hiyo koili hazikuwa mbovu, zilikuwa zinapingana: moja ikisukuma, nyingine inavuta, na mlio unaliwa hapo katikati. Nikachukua barua zako zote nikazisoma mstari kwa mstari. Nikafika pale ulipohamia upande wa pili wa baiskeli penye kivuli.

Mzee mzima! Ukahama upande na gurudumu likageuka nawe! Umezungusha koili nzima kinyume, kwa kumkimbia Ramadhan! Ukoo wenu mkipewa baiskeli mnaipindua, mkipewa koili mnairudisha kinyumenyume, mkipewa kopo la senene hamwachi hata mguu mmoja. Baba alikuwa haharakishi mapigo. Ninyi wengine ndio mlikuwa mmelala.

Siombi msamaha.

Nilibadilisha waya, mweupe ukaenda mgongoni mwa kitufe, mweusi ukaenda kwenye swichi. Nikavua viatu. Swichi katikati.

Sikumsikia Mama akiingia. Alikuwa amekuja kunichukua, amesimama mlangoni na mifuko miwili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Nani amekwambia uvue viatu?”

“Mtani.”

Akakaa juu ya boksi la spika. Akasema nipige tena. Nilipiga mara tatu, na mara ya tatu aliinamisha kichwa akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Unaharakisha.” Kisha akasema kwenye basi gitaa litakaa dirishani, yeye atakaa upande wa njia.

Tunaondoka Alhamisi. Kabla ya kufunga bamba niliandika kwa penseli chini ya mistari yako mitatu: T. A. 30.11.2024. Bisibisi yako sirudishi. Ukiitaka, njoo Bukoba uikomboe, na usije mikono mitupu.

Umesema kwa upande wako kazi imekwisha. Haijaisha. Siku yako ikifika nitatoka huko niliko, nitavua viatu mbele ya watoto wako wote, nitaiba redio moja iliyo kubwa kuliko zote, nami nitakucheka mpaka waombolezaji wanishike.

Ila usiharakishe. Bado sijajua matusi ya kutosha.

Mtani wako,
Teodosia Amedeus